Mama alianika dagaa, mimi nikarithi mtumbwi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo huku mwambao wa Ziwa Victoria huamuliwa chini ya mwembe, siku ya kuanua matanga, wanawake wakiwa jikoni. Jambo hilo ni mirathi. Nina miaka 24, ni mtoto wa kiume, na naandika nikiwa upande wa waliopewa. Nimeona nisinyamaze kwa kuwa dada yangu akisema maneno haya huambiwa ana tamaa, nami nikiyasema nasikilizwa.

Baba yetu alifariki mwaka 2021. Aliacha mtumbwi mmoja wa dagaa na injini yake, nyavu, nyumba ya bati katika kijiji kimoja cha wilaya ya Magu, na mashamba mawili, moja la pamba na jingine la mpunga. Kijiji kizima kiliviita vyote hivyo mali ya baba, nami niliviita hivyo hivyo. Lakini nilikua nikimwona mama akitoka nyumbani saa tisa usiku kwenda mwaloni, yaani ufukwe inakotia nanga mitumbwi ya samaki, kungoja irudi, beseni kichwani na tochi mkononi. Alinunua dagaa kwa ndoo, akawamwaga mchangani, akawatandaza kwa mikono na kuwageuza kwa ufagio wa vijiti kadiri jua lilivyopanda, huku dada akiwafukuza yangeyange kwa kutikisa kopo lenye kokoto. Wingu likizuka ziwani walikimbia wote wawili kuwazoa, maana dagaa walionyeshewa hubadilika rangi na kunuka, na mnunuzi huwachukua kwa bei ya chakula cha kuku. Siku za mbalamwezi, mitumbwi ilipokuwa imelala ufukweni kwa kuwa taa haziwavuti dagaa mwezi ukiwaka, tulikula akiba aliyoiweka mama kwenye kikoba. Injini ya mtumbwi ule ilinunuliwa kwa fedha za kikoba hicho. Nalijua hilo kwa sababu mimi ndiye niliyemsindikiza mama soko la samaki la Mwaloni Kirumba, mjini Mwanza, kuuza magunia manne ya mwisho yaliyotimiza bei. Risiti iliandikwa jina la baba, na mama ndiye aliyemtajia muuzaji jina hilo.

Kikao cha ukoo kilikaa siku moja tu. Baba mkubwa, ambaye namheshimu na ambaye naamini hakuwa na nia mbaya, alisoma kutoka kwenye daftari kubwa lenye mistari: mtumbwi na injini kwa kijana wa marehemu, mashamba kwa kijana wa marehemu, nyumba kwa kijana wa marehemu, na mama atakaa na mwanawe. Mama aliitwa mara mbili, mara ya kwanza aeleze funguo za stoo ziko wapi na mara ya pili ataje madeni. Dada yangu ndiye kifungua mimba wa nyumba yetu. Ndiye aliyemuuguza baba hospitalini kwa miezi miwili, na stakabadhi zote za dawa alizitunza kwenye kopo la biskuti ambalo alikuja nalo siku ile akidhani litahitajika. Aliambiwa alete maji ya kunawa. Mtu mmoja aliuliza, kwa sauti ya chini, kama binti naye ana chochote, na jibu likatoka kwa wazee watatu kwa pamoja: huyo ataolewa, ataenda kwa watu. Mimi nilikuwa na miaka 20, nimetoka kumaliza kidato cha sita, sijawahi kununua hata lita moja ya petroli ya injini ile. Nilisimama nikawashukuru wazee. Shukrani hiyo inaniuma mpaka leo.

Kwa muda mrefu nilidhani kuwa tuliyotendewa ni mila tu, kitu cha wazee ambacho Serikali haikijui. Baadaye nilikuja kufahamu kuwa mila hiyo imeandikwa. Imo katika Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, Tangazo la Serikali namba 436, lililotungwa kwa ajili ya makabila yanayofuata ukoo wa baba. Tangazo hilo linawapanga warithi kwa daraja: la kwanza mtoto wa kiume mkubwa, la pili watoto wengine wa kiume, na la tatu, la mwisho, mabinti wa umri wowote. Ardhi ya ukoo binti anaweza kuitumia lakini hawezi kuiuza. Kuhusu mjane limesema kuwa hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Nilipokisoma kifungu hicho nilimfikiria mama na yale magunia manne. Ndugu zangu Waislamu wana utaratibu wao wa mirathi wenye mafungu yanayojulikana, nami siuzungumzii hapa. Nazungumzia haya ya kimila, ambayo ndiyo yaliyotupata.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba jibu la jambo hili lilikwisha kutolewa hapa hapa Mwanza, kabla mimi sijazaliwa. Mwanamke mmoja wa Muleba, Holaria Pastory, alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia, na mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake akaenda mahakamani kudai kuwa mauzo hayo ni batili kwa kuwa mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilipanda mpaka Mahakama Kuu, Mwanza, na mwezi Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo ni ya kibaguzi, inapingana na Katiba na mikataba ambayo nchi yetu imeiridhia, na kwamba mwanamke na mwanamume wa ukoo wana haki sawa ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale. Kutoka mahali hukumu hiyo iliposomwa hadi kijijini kwetu ni safari ya saa chache kwa basi, na miaka 31 baadaye ilikuwa haijafika.

Haikufika hata Shinyanga. Huko wajane wawili walioondolewa kwenye nyumba zao na ndugu wa waume zao walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 Mahakama ikakubali kabisa kuwa vifungu vile vya 1963 vinawabagua wanawake, ila ikasema mila haiwezi kubadilishwa kwa tamko la mahakama. Rufaa yao nayo ikakwama kwa dosari ya kimaandishi. Ilibidi wapeleke kilio chao kwa Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliona kuwa nchi yetu imevunja haki zao. Tangazo lingali kwenye vitabu vyetu.

Hapa pana jambo ambalo naomba wasomaji walitazame kwa utulivu. Tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa, kwa hiyo mke anayeachana na mumewe hutambuliwa jasho lake pale mali inapogawanywa. Sasa mke aliyevumilia, akakaa na mumewe hadi akamfumba macho, anapimwa kwa Tangazo la 1963 na kuambiwa hana fungu. Mama yangu angedai talaka miaka kumi iliyopita, angekuwa na hoja mahakamani juu ya injini ile. Alikaa, na kukaa kwake ndiko kulikomnyima hoja hiyo mbele ya ukoo.

Najua hofu ya wazee, na si ya kupuuzwa. Wanaogopa kwamba binti akiolewa Sengerema au Ukerewe, shamba la babu litaingia katika ukoo mwingine na makaburi yetu yatalimwa na wageni. Lakini vijana wa kiume nao wanauza. Kijijini kwetu namfahamu kijana aliyeuza shamba la ukoo akanunua pikipiki, na pikipiki yenyewe ikachukuliwa kwa deni kabla ya mavuno yaliyofuata, wala hakuna kikao kilichoitwa kuuliza kwa nini wanaume wanarithi. Kama tunataka ardhi ya ukoo ilindwe, masharti na yawe ya wote. Tena dada alipoolewa mwaka 2023, ng'ombe wa mahari yake waligawanywa kwa baba mkubwa na baba wadogo, na wengine wakawekwa kwa ajili ya mahari yangu mimi. Binti akileta ng'ombe ni wa ukoo, shamba likigawanywa ni wa watu. Nimejaribu kutafuta haki katika hesabu hiyo na sikuiona.

Mwaka huo huo nilikwenda kwa baba mkubwa kumwambia kuwa nataka tugawane. Alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Mwanangu, unataka watu waseme tulimgawia marehemu vibaya?" Nilimjibu kwa adabu kwamba marehemu alikula jasho la mama na analijua huko aliko. Hatukuelewana siku hiyo, wala ya pili yake. Siku ya tatu alikuja mwenyewe, akaketi kwa mama, na hilo naliandika ili ijulikane kuwa wazee wetu si mawe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, na imeziondolea nguvu mila zinazomnyima haki hiyo, kwa hiyo tumeomba kijijini hati ya hakimiliki ya kimila ya mashamba yote mawili kwa majina matatu: la mama, la dada na langu. Injini tumeikabidhi kwa mama. Sasa anampangisha nahodha, na jioni humwita aeleze petroli imetumika kiasi gani, kazi ambayo kumbe alikuwa anaijua kuliko baba.

Hata hivyo, haki ya mama yangu haikupaswa kungoja moyo wa mtoto wake. Ningekuwa na moyo mwingine, au ningekuwa na deni la pikipiki, leo angekuwa mgeni katika nyumba aliyoiezeka. Ndiyo maana naiomba Wizara inayohusika na sheria, pamoja na wabunge wa Kanda ya Ziwa, walifute Tangazo la 1963 na kuweka sheria moja ya mirathi inayomtambua mjane na binti. Mwambao huu ndio uliomtoa Mama Gertrude Mongella wa Ukerewe, aliyekuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing mwaka 1995. Mabinti waliozaliwa Ukerewe mwaka ule wana watoto sasa, na wanagawiwa kwa kanuni za 1963.

Kwako wewe, Mhariri, nina ombi moja. Hukumu ya mwaka 1990 iliandikwa kwa Kiingereza, na mama wa mwaloni hawezi kuisoma. Nakuomba uchapishe muhtasari wake kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu unatosha, pamoja na vifungu vya Tangazo lenyewe, ili watu waone yote mawili kwa macho yao. Nitanunua nakala kumi siku hiyo na kuzipeleka Magu, zisomwe kwa mwanga wa tochi wakati mitumbwi inangojewa.

Wako msomaji,
Kijana wa Magu, Mwanza