Panya shamba tuwafuate Septemba, tusisubiri mbegu zifukuliwe

Mhariri, naomba nafasi niongee na wakulima wenzangu wa Misungwi, Magu, Kwimba na huku kote kanda ya ziwa kuhusu panya, maana kila mwaka tunalia mwezi ule ule na tunarudia kosa lile lile.

Mi nalima mahindi juu na mpunga chini mbugani. Msimu uliopita nilipanda vizuri, siku ya nne naenda kuangalia nakuta vishimo vimefuata mstari wa mbegu, udongo umetupwa pembeni, maganda tu ndo yamebaki, na kule mahindi yalikotokeza walifukua wakala punje chini wakaacha kijani kimelala kinanyauka. Ukiona hivyo unakimbilia dukani kununua sumu, na mi nilinunua. Wiki ile ile tukaokota bundi amekufa chini ya mwembe na paka wa jirani naye akafa. Bundi huyo tunamfukuza tunasema katumwa na wachawi, kumbe usiku kucha anatukamatia panya, kwa kweli iliniuma sana.

Panya shamba hatoki mbali jamani. Wengi wanazunguka karibu na shimo lao, madume ndo yanatembea zaidi, na wanakaa penye majani ya kuwaficha maana peupe wanaogopa mwewe na bundi. Jaruba likijaa maji wanapanda kwenye matuta, mpunga ukikomaa maji yakikauka wanashuka tena, tukishavuna shamba likabaki jeupe wanakimbilia nyasi za mpakani, marundo ya mabua, na ndani kwetu kwenye michembe, yaani viazi vitamu tulivyokausha.

Kuzaa kwao kunafuata mvua. Wataalamu wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, wamewafuatilia miaka mingi, wanawatega, wanawawekea alama, wanawaachia, na wameona kwamba wanaanza kuzaa masika ikishaotesha majani na mbegu za nyasi, wanaongezeka mpaka kiangazi, alafu ukame ukikolea wanaacha. Vuli ikiwa nyingi wanaanza mapema na hapo ndo balaa. Mimba ni kama siku 23 tu na jike anaweza kuzaa watoto 10 na zaidi. Niliwahi kumgeuza mmoja aliyezama kwenye ndoo niliyofukia shambani, nikahesabu chuchu mistari miwili toka kifuani mpaka mapajani, nikafika 20.

Kwa hiyo Septemba wapo wengi, wana njaa, na wamejibana sehemu chache tunazozijua wote, alafu sisi tunawaacha hapo hapo tunakuja kuwamwagia mbegu mvua ikianza. Tufyeke mipaka na kuondoa mabua kabla ya kupanda, tuchimbie ndoo za maji na kuweka mitego, na iwe siku moja kijiji kizima maana ukisafisha peke yako wa jirani wanahamia kwako ndani ya siku chache.

Mwaka huu kaya saba tumeshakubaliana. Kinachotukwamisha ni eneo moja katikati yetu lenye nyasi mpaka kifuani, mwenyewe anaishi mjini na simu hapokei. Ndugu, kama unasoma gazeti hili turuhusu tu tuingie, mapanga na nguvu kazi tunavyo wenyewe.

Mkulima, Misungwi