Barua ya wazi kwa mpwa wangu: umefungwa mechi moja, bado una nyingine moja ya kufungwa

Mpwa wangu,

Salamu zako zimefika, zikifuatana na meseji za kutaka kocha afungashiwe virago, viongozi wajiuzulu na golikipa arudishwe kwao kabla ya Ijumaa. Nakujibu hadharani kwa sababu wenye homa kama yako wiki hii ni wengi. Timu yako siitaji. Nikiitaja, nusu ya wasomaji watakuja kucheka, nusu watakuja kutukana, na hoja itapotelea hapo hapo. Mifano yangu mingi nitaitoa Yanga, kwa kuwa ndiyo iliyobeba ubingwa misimu mitatu ninayoipigia hesabu, 2022/23 hadi 2024/25. Kama jina hilo linakuchefua, soma kwa jicho moja.

Ligi Kuu yetu ya Tanzania Bara ina timu 16. Kila timu inacheza mechi 30, kwa hiyo pointi za kugombewa ni 90. Bingwa wa 2022/23 alimaliza na 78, wa 2023/24 na 80, wa 2024/25 na 82. Sasa igeuze hesabu. Achana na alizopata, tazama alizodondosha: 12, 10, 8. Zilidondokaje? Misimu yote mitatu bingwa alifungwa mechi mbili. Si moja, si tatu. Kilichobadilika ni sare: tatu, kisha mbili, kisha moja.

Kwa hiyo kufungwa kwenu juzi hakujawatoa kwenye ubingwa, ila kumekula nusu ya posho yenu ya kufungwa. Wanaokwambia "ligi bado mbichi, tulia" wanakudanganya nusu. Wanaokwambia msimu umekwisha wanakudanganya yote. Chukua posho ya kudondosha pointi 10, ile ya bingwa wa 2023/24: mmeshatumia 3, zimebaki 7. Mkifungwa tena zinabaki 4, yaani sare mbili tu hadi mwisho wa msimu. Ndiyo maana mimi siogopi sana kipigo cha mwezi wa pili wa ligi. Ninachoogopa ni ile suluhu ya ugenini na timu inayopambana isishuke daraja, ambayo mkitoka mnasema "si haba, tumepata pointi". Mmepata moja, mmeacha mbili, na hakuna aliyelia.

Halafu acha kusambaza picha ya msimamo wa ligi. Timu zinazocheza mashindano ya CAF, yaani ya klabu za Afrika, huwa na viporo, mechi za ligi zilizosogezwa mbele, na msimamo hausemi kitu mpaka uangalie safu ya mechi zilizochezwa. Chukua daftari, zidisha mechi kwa tatu, toa pointi. Timu yenye mechi 7 na pointi 18 imedondosha 3. Yenye mechi 10 na pointi 24 imedondosha 6, japo ndiyo inayoonekana juu. Ila usimhesabie mtu kiporo kana kwamba ameshakila. Kiporo huchacha.

Kama unataka mechi ya kusomea somo hili, kasome za Ihefu. Novemba 29, 2022, kule Ubaruku, Mbarali, mkoani Mbeya, Ihefu waliifunga Yanga 2-1 na kukata mnyororo wa mechi 49 za ligi bila kufungwa, ulioanza baada ya Azam kuwafunga Aprili 2021. Oktoba 4, 2023, uwanja ule ule, matokeo yale yale, 2-1. Na safari zote mbili mchezo ulikwenda kwa mtiririko mmoja: Yanga wanapata bao ndani ya dakika 10 za mwanzo, Ihefu wanasawazisha kabla ya mapumziko, kipindi cha pili Ihefu wanaongeza la ushindi. Huo si mkosi. Timu kubwa ikipata bao la mapema ugenini hupunguza kasi bila kuambiana. Mabeki wa pembeni wanaendelea kupanda kwa sababu mechi inaonekana rahisi, ila viungo wanaacha kukimbilia mipira inayodondoka baada ya kuokolewa. Mpinzani anapata faulo moja, kona mbili, uwanja unaamka. Likishaingia la kusawazisha, unahitaji kuwasha tena injini uliyoizima mwenyewe, na si wote wanaoweza kuiwasha kwa pamoja.

Ile ya pili ilikuwa na la ziada. Yanga walikuwa wameanza ligi kwa 5-0, 5-0 na 1-0. Siku nne kabla ya Ihefu, Septemba 30, walimaliza kazi na Al Merrikh wa Sudan pale Chamazi, Dar, na kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1998. Jumamosi sherehe, Jumatano Mbarali. Hata ukipanda ndege kutoka Dar hadi uwanja wa ndege wa Songwe, Mbeya, bado una safari ya barabara ya kurudi nyuma. Mwili wa mchezaji unahitaji kama siku tatu kurudi sawa baada ya dakika 90 nzito, na siku ya safari si siku ya kupumzika. Basi kabla hujamwita mtu mzembe, fungua kalenda: mechi iliyopita ilikuwa lini, wapi, na wangapi katika kikosi cha kwanza walicheza zote mbili. Wakizidi saba au wanane, umeshapata nusu ya jibu. (Baada ya Ihefu, kama umesahau: Geita Gold 3-0, Azam 3-2, Singida 2-0, na Novemba 5 ile 5-1 ambayo upande wa Msimbazi, yaani Simba, hawapendi itajwe.)

Sasa mechi yenu. Subiri siku mbili hasira ishuke, kisha itafute mechi yote, si kile kipande cha mabao cha dakika tatu. Kwa kila bao mlilofungwa, rudisha nyuma sekunde 20 na uangalie mpira ulipotelea wapi. Ukiona ulipotea katikati ya uwanja huku mabeki wa kulia na kushoto wote wakiwa wamepanda, basi yule beki wa kati unayemtukana kwa kuteleza alikuwa ameachwa peke yake huku watu wawili wakimkimbilia. Mwenye kosa ni kiungo mkabaji aliyetoka kwenye nafasi yake, au kocha aliyeruhusu wote wapande kwa pamoja. Ukiona ulipotea kwenye kona yenu wenyewe, hesabu mliobaki nyuma. Kanuni ya kawaida ni kubakiza mmoja zaidi ya washambuliaji wao walioachwa mbele. Mkiwa wawili kwa wawili, bao hilo lilipangwa mazoezini bila kujijua. Ukiona limetokana na faulo au kona yao, tazama nani alimwachia mtu wake, halafu angalia kama ni mchezaji mpya. Wageni wengi husajiliwa dakika za mwisho, hati ya uhamisho wa kimataifa inachelewa, kibali cha kazi kinachelewa, na mtu anaingia uwanjani akiwa na mazoezi ya wiki moja. Kupiga chenga anajua. Hajui tu mwenzake wa kushoto anasimama wapi kona ikipigwa, na hilo halinunuliwi kwa ada ya usajili.

Ukimaliza mabao, hesabu mashuti yenu, na uyagawe. "Tulipiga mashuti 20" ni maneno ya redioni. Penalti huingia zaidi ya tatu katika kila nne. Shuti la nje ya boksi huingia mara chache sana katika mia. Mkipiga 14 kutoka mita 25 na matatu tu ndani ya boksi, hamkuwa na bahati mbaya, mlizuiwa. Lakini mkipata nafasi tano au sita za ana kwa ana na golikipa wao akaziokoa, hapo naweza kukuvumilia ukisema mlionewa na siku. Tofauti ya hizo mbili ni kubwa. Ya pili hujirekebisha yenyewe mechi zijazo, ya kwanza haijirekebishi.

Na wakipaki basi, yaani wote wakirudi nyuma kuzuia? Hapa ndipo timu zetu kubwa zinapoteza muda zaidi. Krosi ndefu ya juu kutoka pembeni ni zawadi kwa mabeki warefu waliosimama wakiitazama ikija. Inayowaumiza ni pasi ya chini ya kurudisha nyuma kutoka karibu na mstari wa goli, kwa kuwa inamkuta beki akikimbilia lango lake mwenyewe. Hesabu hizo. Mechi nzima mkipiga krosi 30 za juu na pasi za namna hiyo mbili tu, tatizo ni mawinga wasiofika mstarini, na namba tisa mpya, mshambuliaji wa kati, hatalitibu. Angalia na uwanja: nyasi ndefu au vipara hufanya mpira udunde, mchezaji anahitaji mguso mmoja wa ziada kuutuliza, na mguso huo ndio unaowapa wao muda wa kujipanga. Sheria za soka zinaruhusu upana wowote kati ya mita 45 na 90, na mwenyeji mjanja hana sababu ya kukupanulia.

Kuna kitu kingine hukitazami kabisa: kadi. Yanga wa 2024/25 walishinda mechi zao zote 8 za mwanzo. Novemba 2, 2024 dhidi ya Azam, beki Ibrahim Hamad "Bacca" akala nyekundu mapema, timu ikamaliza pungufu na kufungwa 1-0. Siku tano baadaye Bacca yuko jukwaani anatumikia adhabu, ukuta umepangwa upya, Tabora United wanashinda 3-1. Mashabiki waliona vipigo viwili na wakasema timu imekufa. Kwangu ni tukio moja lililolipiwa mara mbili. Posho yote ya kufungwa iliisha ndani ya wiki moja, na katika mechi 20 zilizobaki hawakufungwa tena: walishinda 19, wakatoka sare moja.

Utaniambia ni kwa sababu walimfukuza kocha. Kweli, Miguel Gamondi aliondoka Novemba 15, akaja Sead Ramović, naye akaondoka Februari, akaja Miloud Hamdi, na kombe likaja. Makocha watatu, ubingwa mmoja. Sasa weka pembeni yake Simba ya 2023/24: kocha Robertinho aliondolewa siku mbili baada ya ile 5-1, akaja Abdelhak Benchikha, naye hakufika mwisho wa msimu, na timu ikamaliza ya tatu kwa pointi 69 sawa na Azam. Dawa ile ile, wagonjwa wawili, mmoja kapona. Mimi nadhani aliyepona alikuwa na kikosi kipana zaidi. Ukitaka kumpima kocha wenu, tazama mabadiliko yake: anaruhusiwa wachezaji watano katika vipindi vitatu, ukiacha mapumziko. Kocha anayefungwa tangu dakika ya 55 na kuanza kubadilisha dakika ya 80, huyo niite nije tusaidiane kulalamika.

Kuhusu nyinyi mashabiki nitasema kidogo. Mechi haikuuzwa. Nayo ile kamati ya ufundi, si ya makocha, ile nyingine ya usiku, ya waganga, haikuzidiwa nguvu. Mkeka wako wa kubashiri umechanika kwa sababu uliweka timu unayoipenda kwa dau usiloweza kulipoteza, na kuongeza dau mechi ijayo ili "urudishe" ni kumpa kampuni hela mara ya pili. Chupa za maji mnazorusha zinaishia kwenye ripoti ya kamishna wa mchezo, kisha faini kwa klabu, yaani viingilio vyenu wenyewe. Kumtukana mchezaji kwenye ukurasa wake ndiyo kazi ya shabiki maandazi. Mkitaka kuubana uongozi, ubaneni kwa swali lenye jibu: nani mbadala wa beki wa kushoto akiumia? Kama hayupo, dirisha dogo la usajili hufunguliwa katikati ya msimu, na orodha huanza kuandaliwa sasa, si Krismasi.

Mechi ijayo mkipata bao la mapema, usishangilie kupita kiasi. Tazama dakika 15 zinazofuata: mabeki wa pembeni wanapanda kwa zamu au wote? Mpira ukiokolewa na kudondoka, nani wa kwanza kuufikia? Andika alama kwenye daftari. Wapinzani wakiwa wa kwanza mara sita kati ya kumi, unajua kitakachofuata kabla ya mtangazaji.

Msalimie mama yako. Na ile rimoti uliyoirusha ukutani, nunua nyingine kabla ya Jumamosi, yeye ana tamthilia yake saa 3 usiku.

Mjomba wako