Kongamano si kila mkusanyiko

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie neno moja, kongamano, ambalo hapa Mbeya siku hizi linabandikwa juu ya karibu kila shughuli inayojaza watu ukumbini. Mwezi uliopita bango lililotundikwa Uyole lilitangaza kongamano la wakulima wa viazi mviringo. Shemeji yangu, anayelima viazi upande wa Umalila, aliliamini neno hilo. Aliandika daftarini maswali yake kuhusu mnyauko uliomharibia nusu ya shamba, akafunga kwenye mfuko viazi vitatu vyenye dalili za ugonjwa, akapanda gari alfajiri. Alichokikuta ni mtu mmoja mwenye kipaza sauti akieleza sifa na bei za mbolea kwa muda wa saa mbili, kisha soda, kisha kuagana. Hakuna mkulima aliyepewa nafasi ya kuuliza, na viazi vile vilirudi Umalila vikiwa bado kwenye mfuko.

Mfanyabiashara ana haki ya kuitangaza bidhaa yake, na sina ugomvi naye juu ya hilo. Kilichoniuma ni kwamba neno lililoandikwa kwenye bango lilimwahidi shemeji jambo ambalo waandaaji hawakuwa nalo.

Kongamano limetokana na kitenzi kongamana, yaani kukusanyika watu wengi mahali pamoja, kama vile mkutano ulivyotokana na kutana na pambano lilivyotokana na pambana. Wapo watakaosema kwamba kwa asili hiyo kila mkusanyiko unastahili kuitwa kongamano, na hoja yao ina uzito, kwa sababu kitenzi chenyewe hakitaji makala wala maprofesa. Hata hivyo, maana ya neno hukua pamoja na kazi linayopewa. Kiswahili kilipoanza kubeba taaluma katika vyuo vyetu, wataalamu walihitaji jina la mkutano wa aina yake, ambao mtu hutuma ikisiri, yaani muhtasari wa makala yake, mapema, huandika makala, huyawasilisha mbele ya wenzake kwa dakika chache alizopangiwa, kisha hubaki amesimama palepale ili aulizwe, apingwe na kusahihishwa. Na pengine yule aliyempinga asubuhi ndiye atakayewasilisha mchana, naye akakaa kwenye kiti hichohicho cha moto. Kwangu mimi kiini cha kongamano kipo hapo, katika zamu hiyo ya kusema na kusikiliza. Idadi ya watu na ukubwa wa ukumbi havihusiki.

Wala hatuna upungufu wa majina kwa mikusanyiko mingine. Msomi mmoja akizungumza na wengine wakamsikiliza, huo ni mhadhara. Pande mbili zikishindana kwa hoja, huo ni mdahalo. Warsha limetujia kwa njia ya Kiarabu likiwa na maana ya karakana, na ndiyo sababu warsha ambayo washiriki wake hawakushika kalamu, mche wala chombo chochote, wakaishia kutazama picha ukutani, haistahili jina hilo. Semina nalo lina historia ya kupendeza: shina lake ni neno la Kilatini lenye maana ya kitalu cha miche, na seminari limetoka hapohapo. Ndugu zetu wa Mufindi, wanaokuza miche ya misonobari, wanajua kwamba kitalu kinahitaji miche michache na mtu wa kuifuata kila siku. Semina ya watu mia nne, kwa kipimo hicho, imeshapoteza asili yake.

Sharti niseme pia kuhusu matumizi ya kanisani, kwa maana waumini wa Kikatoliki wana Kongamano la Ekaristi, na madhehebu mengine yana makongamano ya vijana. Sioni kosa hapo. Watu hao hukutana kwa siku kadhaa wakifundishwa, wakisali na kujadiliana juu ya jambo moja walilokubaliana tangu mwanzo, na hakuna anayesafiri akidhani anakwenda kwenye jambo jingine.

Lipo pia kosa la sarufi, ambalo nimelisoma hata magazetini: "kongamano hii" na "kongamano hizo". Neno hili ni la ngeli ya LI-YA, hivyo husemwa kongamano hili, makongamano haya. Nilifundisha Kiswahili sekondari kwa miaka mingi, na kosa hili dogo hunikera kuliko inavyopasa.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni la kazi ya dawati lako. Tangazo la kongamano likiletwa, mwandishi amuulize mwandaaji ni nani watakaowasilisha mada, na washiriki watapewa muda gani wa kuuliza na kujibiwa. Kama hakuna muda huo, tangazo liandikwe mkutano wa mauzo, maonesho ya pembejeo au uzinduzi wa bidhaa, vyovyote ilivyo kweli. Shemeji ameshasikia habari za kongamano jingine la wakulima, safari hii Iringa, na nauli ya kutoka Umalila hadi huko si ndogo. Ameniuliza kama aende, nami nimemwomba asubiri kwanza tujue ratiba yake.

Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya