Wasio na bando nao wanaumia

Mhariri, huku Mbeya wanaofunguka mitandaoni kuhusu ukatili wengi naowaona ni wadada wa mjini wenye simu janja, basi watu wanadhani ndo wanaoteswa peke yao. Wapi! Utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wameshafanyiwa ukatili wa kimwili, sasa mama wa Isongole anayepalilia viazi na kitochi chake ataposti wapi? Wanaume ndo kabisa, jirani yangu dereva boda aliandika usiku kwenye grupu ukatili aliofanyiwa utotoni akarushiwa emoji za kucheka, asubuhi kafuta. Namba 116 ya simu ya msaada kwa watoto ni bure kupiga, itangazwe hadi gulioni jamani sio Instagram tu.

Msomaji, Mwanjelwa