Nitumie ile solfa

Boston, Februari

Neema mwenzangu,

Habari za Mwanza? Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa kwenye foleni ya chakula, nikacheka peke yangu mpaka watu wakageuka. Mama hajambo? Msalimie sana. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Nakuandikia kwa kirefu kwa sababu kwenye simu huwa hunipi nafasi ya kumaliza.

Nimeingia kwenye kikundi cha kuimba hapa chuoni. Subiri, usishangilie, maana najua unafikiria kwaya. Utauliza kama tumepata mwalimu mzuri: hakuna mwalimu. Ni wanafunzi tu, kumi na kitu hivi, wanachujana wenyewe, wanafundishana, wanapanga sauti wenyewe, hata tiketi wanauza wenyewe. Vyombo hakuna. Utasema hata sisi shuleni tuliimba akapela. Ni kweli, lakini sisi tulipoacha vyombo tuliviacha moja kwa moja. Hawa wameviacha, halafu wanavirudisha kwa mdomo! Mmoja anashika wimbo, wa alto na wa tena, ile sauti ya juu ya wanaume, wanampigia "ju-ju" mahali pa gitaa, besi anatembea na "dum" zake, na yuko kijana ambaye kazi yake yote ni ngoma. Haimbi neno hata moja. Maiki ameibana kwenye midomo, mate yanaruka, lakini ukifumba macho utaapa kuna dramu nyuma ya pazia.

Siku ya mchujo walinipa karatasi ya nota. Nikaomba penseli, nikakaa pembeni nikaandika solfa, yaani d, m, s, juu ya kila nota, na nukta mbilimbili za kugawa mapigo, kama tulivyozoea. Do-re-mi wanaijua, ila hawakuwahi kuiona imeandikwa hivyo. Wakanizunguka wakiipiga picha. Nikaimba alto yangu, nikapita.

Vikundi hivi huku ni jadi kabisa. Pale Chuo Kikuu cha Yale kuna kimoja, Whiffenpoofs, kimeanza 1909. Ni watu 14, wanavaa makoti yenye mkia na glavu nyeupe, na wengi wanaahirisha masomo mwaka mzima ili wazunguke dunia wakiimba. Mwanamke wa kwanza wamempokea 2018. Miaka zaidi ya mia bila soprano, Neema! Sisi tungekaa wiki moja tu bila wewe, kwaya ingevunjika.

Sasa sikia kilichonifanya nikuandikie. Juzi kiongozi wetu kaleta wimbo mpya, kaugawa, kisha wote wakanigeukia mimi. Kuangalia juu ya karatasi: Baba Yetu. Sala ya Bwana, kwa Kiswahili! Kautunga Mmarekani, Christopher Tin, kwa ajili ya mchezo wa kompyuta, Civilization IV, uliotoka 2005. Aliyebuni mchezo huo alikuwa amekaa naye chumba kimoja walipokuwa wanasoma Chuo Kikuu cha Stanford. Na walioimba kwenye mchezo ni kikundi cha wanafunzi wa hapohapo Stanford, Talisman, ambao kwa miaka mingi wanaimba sana nyimbo za Afrika na za watu weusi. Baadaye Tin akaurekodi upya na Soweto Gospel Choir, na 2011 ukapata tuzo ya muziki ya Grammy, ya kwanza kabisa kwa muziki wa mchezo wa kompyuta. Mimi nimesali sala hiyo tangu utoto, na wenzangu hawa wameijulia kwenye vita vya kompyuta.

Basi nikafanywa mwalimu wa matamshi. "Mbinguni" ilitusumbua jioni nzima. Wengine "embinguni", wengine "umbinguni". Nikawaambia wafunge midomo, wavute sauti kidogo puani, kisha waachie. Besi wakaipata kwanza, sijui kwa nini. Wa sauti ya tena mpaka leo wanaivamia.

Wimbo wenyewe ni mzuri, sikufichi. Unachangamka, unapanda, na ukifika kwenye kiitikio hata asiyejua neno anaitikia. Ila mahali pengine mdundo unaliburuta neno mpaka mkazo unakaa pasipo pake, nami kila nikifika hapo ulimi unagoma. Wakataka niimbe solo, eti kwa sababu ni lugha yangu. Nimekataa. Sauti ya solo wanayo, binti mmoja anaimba kama wewe, na mimi nafasi yangu ni alto.

Lakini nikawaambia kama wanataka Kiswahili, au hata Kisukuma, tunazo nyimbo ambazo mkazo unakaa mahali pake. Wakasema leta. Nimeshajifunga, kwa hiyo nisaidie: ule wimbo wa mavuno aliotupangia mwalimu kidato cha tano, solfa yake iko kwenye daftari lako la kijani. Piga picha kurasa zote, mchana na karibu na dirisha, maana penseli ilikuwa imeanza kufutika. Onesho ni Aprili, na hawa watu bila karatasi hawaimbi.

Na uniandikie nani alikuwa anaanza. Mimi nasema walianza wa sauti ya tena, besi wanapokea. Najua utabisha, ila kabla hujabisha muulize Juma, yeye ndiye aliyekuwa anapokea.

Wako,
Rehema