Somo yangu, huo nao ni msiba

Somo yangu wa Lindi, hujambo lakini? Najua hujambo ya kusema tu. Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nikiwa sokoni nikashindwa kuimaliza, ikabidi nimuachie mtu meza nikakae nyuma ya majokofu nilie kwanza. Ukaniambia "somo, watu wanasema ni mimba tu imeharibika, nisijitese, ntapata mwingine". Miezi saba somo, mtoto umeshamjua anavyocheza usiku, leo uambiwe mimba tu.

Kilichonikata maini zaidi ni hilo la maziwa. Kwamba siku ya tatu maziwa yakaja, ukaloa khanga mpaka tumboni na hakuna wa kumnyonyesha, na nesi akakwambia funga kitambaa utazoea. Wamemzika jioni ile ile wewe bado uko wodini, hukuiona hata sanda yake, uliporudi nyumbani hakuna turubai, hakuna mkeka, hakuna hata jirani wa kuja na kilo ya sukari. Watu wakakuuliza utarudi lini dukani.

Hilo nalijua somo, ndo maana nakuandikia kirefu.

Unakumbuka kaka angu alivyopotea 2021, lile kusi la mwezi wa saba. Mtumbwi ulionekana upande wa Sudi umepinduka, yeye hakuonekana, hata nguo. Sasa pale ndo nlijifunza kwamba kama hakuna maiti watu wanakuwa hawajui wakupe pole ya nini. Wengine wanasema yuko Msumbiji, wengine kamuona mtu amefanana nae Kilwa. Wifi hajui akae eda ya miezi minne na siku kumi au asubiri mume, na masheikh wenyewe tuliowauliza hawakuwa na kauli moja. Mama kila magharibi anapakua sahani ya kaka anaifunika na kawa, asubuhi anaimwaga. Mwaka mzima somo. Na mimi nlikuwa napita pale nazikuta ndala zake mlangoni, ya kushoto kamba imeungwa na waya, nazipanga vizuri kama vile anatoka kuogea.

Nlikonda, silali, naamka saa nane usiku nasikiliza mlango, mteja akiniuliza bei ya changu namtazama tu. Aliyenipeleka ni mfanyakazi wa zahanati alokuwa ananunua samaki kwangu, akanambia dada wewe unahitaji mtu wa kukusikiliza, nenda hospitali uliza ofisi ya ustawi wa jamii au kitengo cha afya ya akili, watakuonesha mtu wa ushauri nasaha. Nikamwambia mimi sio chizi. Akasema sijasema chizi, nimesema una msiba. Basi neno lile lilinisaidia kwenda, maana toka kaka apotee hakuna mtu alokuwa ameliita jambo langu msiba.

Mshauri alikuwa mama wa makamo, mpole, haandiki andiki. La kwanza akanambia ninayosema humu hayatoki mlangoni, labda tu nikisema nataka kujidhuru hapo atatafuta msaada. Siku ya kwanza nikaongelea bei za samaki tu, akaniacha. Siku ya tatu akaniuliza "kaka yako alikuwa anapenda kula nini?" Nikasema ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, nikalia saa nzima, hakunikataza wala hakunambia mshukuru Mungu. Masikini nlikuwa nimechoka kuambiwa nishukuru.

Yeye ndo alonambia hali yangu ina jina, msiba usio na uhakika, kuna mama mmoja Marekani anaitwa Pauline Boss, miaka ya 1970 alikuwa anafuatilia familia za wanajeshi waliopotea vita ya Vietnam, akaona wale watu hawawezi kulia wakamaliza wala kutumaini wakatulia. Nikashangaa, yani wake za wanajeshi wa Marekani na mama angu wa Mikindani jambo moja. Akanambia pia kuna huzuni ambayo jamii haiipi nafasi, mtu amepoteza kweli lakini hakuna matanga, na moja ya mifano alotaja ni mtoto alokufa tumboni. Nlipokusikia juzi nikamkumbuka hapo hapo.

Kuhusu kawa, nlidhani atasema mwambieni mama aache. Hakusema. Aliuliza sisi wenyewe tunaona chakula kile kiende wapi, tukakaa na mama tukaamua kila Ijumaa sahani inaenda kwa watoto wa madrasa, kwa nia ya kaka, awe hai awe marehemu. Siku nyingine zote mama hapakui. Ndala bado zipo, lakini zimehamia chini ya kitanda changu.

Sisemi nimepona somo. Nalala. Nauza. Kusi likivuma bado nashtuka.

Na wewe usihesabu siku kwamba arobaini ikipita lazima uwe sawa, mshauri alinambia kulia na kucheka siku moja ni kawaida, ila kama miezi inaenda na huwezi kula wala kutoka ndani, au ukaanza kuwaza bora umfuate mtoto, hapo usisubiri hata kesho, mwambie shemeji au nipigie mimi hata saa nane usiku. Na shemeji nae muangalie, umesema anashinda kijiweni harudi mpaka usiku, nadhani nae amefiwa na hana pa kukaa na msiba wake. Mnaweza kwenda wote wawili kwa mshauri.

Jumamosi nakuja, napanda gari ya asubuhi, nikifika Mnazi Mmoja ntakupigia. Jumatatu tutaenda wote hospitali, ntakaa nje kwenye benchi nikusubiri hata kama ni mpaka adhuhuri. Nakuletea na pweza mkavu.

Alafu somo kuna kitu nlitaka kuuliza kwenye simu nikashindwa. Mlikuwa mmemchagulia jina? Kama lipo niambie, nianze kumuombea dua kwa jina lake.

Wako somo, Mikindani