Nyonga Bandia Isiyo na Saruji Hudumu Miaka Mingapi?

Katika kliniki yetu ndogo ya fiziotherapia, mteja aliyebadilishiwa nyonga hutuuliza kabla hata hajaketi: "Hiki chuma kitanifikisha wapi?" Jibu lina sehemu mbili, na wengi huzichanganya.

Kwanza ni mshiko. Mezani tunacho chuma cha titaniamu cha kuonyeshea, na anayepitisha kidole sehemu yake ya juu huhisi mkwaruzo kama wa msasa. Tofauti na nyonga za saruji, yaani zinazogandishwa kwenye mfupa kwa saruji maalumu ya kitabibu, ambazo daktari John Charnley alizipa umaarufu nchini Uingereza miaka ya 1960, chuma hiki hukazwa ndani ya mfupa wa paja, kisha mfupa wenyewe huota na kujishikiza kwenye mikwaruzo na vitundu vyake. Kikichezacheza katika wiki za mwanzo, panapotakiwa mfupa huota utando laini, na paja huendelea kuuma. Kwa hiyo tunamsihi kila mteja afuate kiwango cha kukanyagia alichoandikiwa na daktari mpasuaji, hata akijiona amepona.

Pili ni kulika. Mfupa ukishashika barabara, chuma hulegea kwa nadra. Kinacholika taratibu ni plastiki ya ndani ya kikombe, yaani kile kipande bandia kinachowekwa kwenye tundu la nyonga, na chembe zake huuchokoza mwili hadi ukaanza kuula mfupa wake wenyewe. Plastiki iliyoimarishwa kwa mionzi, iliyoenea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, imepunguza sana tatizo hili. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet ulikadiria kwamba nyonga bandia zipatazo 58 kati ya 100, za aina zote, hudumu miaka 25.

Kwa bibi mwenye mifupa dhaifu, saruji mara nyingi ndiyo salama zaidi, kwa kuwa mfupa wake unaweza kupasuka chuma kinapokazwa. Asidhani amepewa kitu cha kizamani. Wanaotutia wasiwasi zaidi ni vijana wenye selimundu, ambao nyonga zao huharibika mapema kwa kukosa damu, na ambao wana miaka mingi ya kutembea mbele yao. Mfupa huweza kuliwa kimyakimya, bila maumivu yoyote, hivyo usiache kupiga eksirei za ufuatiliaji. Uje pia na ile ya kwanza uliyopigwa baada ya upasuaji, hata kama imekunjamana, kwa sababu ni kwa kuilinganisha na mpya ndipo daktari huona kama chuma kimezama au kikombe kimelika.